UZI: Wanafunzi wakiungana chuoni kutetea haki za mashoga, wamevunja sheria gani?

Tulieni kidogo kabla ya kurushiana maneno kwa komenti. Mada hii ikiibuka, hakosi mtu wa kushika maiki na kudai wanafunzi hao washikwe au wafukuzwe, eti kwa sababu ushoga ni haramu Kenya. Hapo amekoroga vitu viwili. Wacha tuvitenganishe.

Kwanza, tendo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, inaharamisha ngono "kinyume na maumbile", na kifungo ni hadi miaka 14. Kifungu cha 165 kinawalenga wanaume pekee, miaka 5. Tulivirithi kutoka kwa Mwingereza. Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Kwa hivyo anayekwambia vilifutwa na korti siku hiyo, anakudanganya.

Lakini visome tena polepole. Vinaadhibu tendo. Hakuna mahali vinasema ni kosa kumtetea shoga, au kuketi na wenzako mkajadili kama sheria hiyo iondolewe. Ingekuwa hivyo, hata mawakili waliopeleka kesi ya 2019 kortini wangekuwa washtakiwa.

Pili, kuungana. Na hapa ndipo watu wengi hawajafuatilia.

Kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuunda na kujiunga na chama cha aina yoyote. Kifungu cha 37 kinaongeza kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi, bora iwe kwa amani na bila silaha. Je, "kila mtu" ni pamoja na mashoga na wasagaji?

Swali hilo lilitembea kortini miaka mingi. Bodi ya serikali inayosajili mashirika ilikataa jina la shirika la kutetea haki za watu hawa. Mahakama Kuu ikasema bodi ilikosea (2015). Mahakama ya Rufaa ikasema vivyo hivyo (2019). Februari 24, 2023 Mahakama ya Upeo ikamaliza kazi: majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba kumnyima mtu haki ya kuungana kwa sababu tu ya mapenzi yake ya kijinsia ni ubaguzi. Mbunge mmoja aliomba uamuzi uangaliwe upya. Ombi lake likatupwa Septemba mwaka huohuo.

Ndio, kelele zilikuwa nyingi. Watu walisema korti imehalalisha ndoa za jinsia moja. Hapana. Kifungu cha 45 cha Katiba kinazungumzia kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na hakikuguswa. Vifungu vya 162 na 165 pia vilibaki palepale. Kilichoamuliwa ni kuungana, basi.

Sasa turudi kampasi. Marekani walipitia haya zamani. Mwaka wa 1973 chuo kikuu cha New Hampshire kilitambua chama cha wanafunzi mashoga. Wakaandaa densi, gavana akawaka, chuo kikawazuia kufanya hafla zozote za burudani. Wanafunzi wakaenda kortini, na mwaka wa 1974 wakashinda hadi kwenye rufaa. Tazama mchezo ulivyochezwa: mwanasiasa alipiga kelele, chuo kikaogopa, wanafunzi wakalipia. Huu mchezo hata huku tunaujua vizuri.

Chuo kinaweza kuweka masharti? Ndio. Ukumbi, saa, usalama, kelele usiku. Ila masharti yawe yaleyale ya klabu ya mdahalo na ya CU. Na wanafunzi wanaopinga nao wana haki hiyohiyo: waandae mkutano wao, wabebe mabango yao. Kinachokatazwa, na kifungu cha 33 kiko wazi, ni uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Kuchapisha picha na namba ya chumba cha mwenzako "ili ajulikane" si maoni, msijidanganye. Kuna mtoto wa mtu analala kwa hicho chumba.

"Na chuo cha kanisa je?" Swali zuri. Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki inawafunga watu wote, si serikali pekee. Kanisa nalo litasimama kwa kifungu cha 32, uhuru wa dini. Hapo ndipo mvutano utakuwa mkali, na hapo ndipo ningependa kusikia wanaoshika maiki wakijibu.