Chungu Kilichoungua Hakivunjwi

Katika safari yetu ya Nakuru mwezi wa Shaabani uliopita, baada ya darsa ya akina mama mtaani Bondeni, tuliletewa swali ambalo hatukulizoea. Binti mmoja wa pwani, aliyeolewa huko bara miezi michache kabla, alikuwa ameunguza maharagwe ndani ya chungu alichopewa na nyanya yake siku ya kuondoka kwao. Chini ya chungu palishika ukoko mweusi, mgumu kama lami. Mama mkwe wake, mtu mzima mwenye kuheshimika, akasema kwamba chungu kinachoungua katika mwaka wa kwanza wa ndoa ni kisirani. Kivunjwe, na vigae vitupwe mbali na nyumba. Binti akatuuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, chombo hiki kimenajisika? Nikivunje?"

Tulimjibu kwa yale yenye uhakika. Chakula cha halali kikiungua hakigeuki kuwa najisi, wala chombo chake hakinajisiki. Ama habari ya kisirani, Mtume (S.A.W.) ametukataza kuamini mikosi. Tukamkumbusha kisa cha Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Masahaba walikuwa wamepika nyama ya punda wa kufugwa, ikaharamishwa ingali jikoni. Mtume akaamuru imwagwe na vyungu vivunjwe. Mtu mmoja akauliza iwapo wangeweza kuimwaga nyama na kuviosha vyungu badala ya kuvivunja, na Mtume akamkubalia. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari. Ikiwa vyungu vilivyopikiwa haramu vilisalimika kwa kuoshwa, maharagwe yana kosa gani?

Lakini jibu la fiqhi halitoi ukoko chunguni, na binti alirudi nyumbani na chungu kile kile cheusi. Ndipo tulipoona yafaa kuuliza wajuzi wa jiko, wake zetu na dada zetu kwanza, na kuyaandika haya.

Yafaa kujua kwanza kwa nini kiliungua, kwa kuwa binti alidhani amesahau kupika. Nakuru iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,850. Kule maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, si 100 kama Mombasa au Lamu. Maji yanatokota, mvuke unapanda, lakini joto lenyewe ni pungufu, na maharagwe huchelewa kuiva. Mpishi wa pwani akiona hayaivi huongeza moto. Moto ukiongezwa maji hayazidi kupata joto. Hukauka upesi tu, na chakula kikabaki kikavu juu ya udongo wenye moto. Na udongo si kama sufuria: hata ukiuepua jikoni, huendelea kuunguza kwa muda. Dawa ni kuroweka maharagwe tangu usiku, kufunika vizuri kwa mkungu, kupunguza makaa na kuongeza maji ya moto kidogo kidogo.

Sasa kusafisha. La kwanza ni subira, na wengi hushindwa hapo. Chungu kikiwa bado cha moto, usikitie maji baridi hata tone. Udongo wa ndani hujikunja ghafla ilhali wa nje bado umetanuka, na ufa hupita papo hapo. Jioni za Nakuru zina baridi na maji ya bombani ni kama ya barafu, kwa hivyo hatari huko ni kubwa kuliko kwetu. Kiache kipoe chenyewe, juu ya kata ya nguo au ubao, si juu ya sakafu ya saruji.

Kikishapoa, tia maji ya vuguvugu yapite juu ya pale palipoungua, na vijiko viwili vya magadi au soda ya kupikia. Weka juu ya makaa machache, yapate moto polepole hadi yaanze kutokota, kisha acha robo saa. Magadi hulainisha wanga na hugeuza mafuta yaliyogandamana kuwa kama sabuni. Epua, acha usiku kucha. Asubuhi kwangua kwa ncha ya mwiko wa mti au kipande cha kifuu, kisha sugua kwa dodoki au makumbi ya nazi pamoja na jivu laini. Ukoko ukibaki, rudia. Chungu cha binti yule kilihitaji mara tatu. Usitumie kisu wala waya wa chuma, kwa kuwa huchimba udongo, na chakula cha kesho kitashika katika mikwaruzo hiyo hiyo. Sabuni nayo iepuke katika chungu kisichopakwa kitu: udongo huinywa, na mchuzi utakaofuata utaitoa.

Magadi ya mawe yanayouzwa sokoni hutoka katika maziwa ya Bonde la Ufa, hasa Ziwa Magadi. Ndani yake mna madini ya floraidi, ambayo tayari ni mengi katika maji ya visima vya Nakuru na ndiyo yanayotia meno ya watoto rangi ya hudhurungi. Kwa hivyo ukimaliza, suuza mara kadhaa na umwage, kisha anika juani.

Neno moja kuhusu jivu, maana tuliona katika bonde hilo watu wenye mifugo mingi. Jivu la kuni ni tohara. Jivu la mavi ya ng'ombe, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hubaki najisi hata baada ya kuungua, basi lisitumike chomboni.

Bakuli zile nzito za kauri za madukani, zenye kung'aa kama kioo, zina hukumu nyingine. Nyingi zimetengenezwa kwa oveni, wala hazistahimili moto wa gesi chini yake, hivyo usizichemshe jikoni. Zitie maji ya moto zikiwa zenyewe zina uvuguvugu, paka uji mzito wa soda, lala nazo hadi asubuhi, kisha sugua kwa kitambaa. Hizi sabuni haizidhuru. Siki huondoa ukoga mweupe wa maji ya chumvi, lakini kwa ukoko mweusi haifui dafu. Na ukiichanganya na soda, povu ni jingi na nguvu zote mbili zimekufa. Usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, maana hutoka hewa yenye sumu. Bakuli ambalo mng'ao wake umebambuka ndani, lifanye la maua.

Siku ya pili yake tulitembezwa Hyrax Hill, kilima kilicho karibu na mji, ambako Mary Leakey alichimbua makaburi ya kale miaka ya 1937 na 1938. Humo zilionekana bakuli za mawe zilizozikwa pamoja na maiti. Maelfu ya miaka, na bado watu wale walijua thamani ya chombo cha jikoni. Tulimsimulia mama mkwe habari hizo, akacheka, akasema wao walikuwa hawana duka.

Chungu tulikiona tena baada ya Idi. Binti alikuwa amekipikia uji mwepesi wa mchele kwanza ili kuondoa harufu ya moshi, kama nyanya yake alivyomwagiza kwa simu. Doa la duara limebaki chini, halitoki, wala halidhuru. Ndani yake mlikuwa na samaki wa kupaka, na aliyeshika mwiko alikuwa mama mkwe.