Mzigo Usikunyime Mlima

Likizo ya Agosti chama chetu kinakusudia kwenda tena kuutazama Mlima Kenya. Wengi wetu tunaokaa Eastlands, tangu Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, tunaujua mlima huu kwa kitabu cha Jiografia na kwa nembo ya taifa, pale wanaposimama wale simba wawili. Isitoshe, sisi ni wanafunzi wa kutwa. Wenzetu wa bweni wamezoea kufunga masanduku kila muhula, lakini sisi mzigo wetu ni vitabu na kopo la chakula cha mchana. Ikija safari ya kulala nje, mtu hajui abebe nini wala aache nini.

Ndiyo maana nimeonelea niandike juu ya mambo mawili ambayo watu huyatenganisha, yaani mzigo na mlima. Kwa maoni yangu ni jambo moja. Mlima Kenya hauonekani siku nzima. Hujitokeza asubuhi, halafu hujifunika. Anayecheleweshwa na mizigo hulipa nauli kwenda kutazama mawingu.

Kwanza tuujue mlima wenyewe. Ni wa pili kwa urefu barani Afrika, baada ya Kilimanjaro wenye mita 5,895. Wakikuyu huuita Kirinyaga na Wameru huuita Kirimara. Vilele vyake vikuu ni vitatu: Batian mita 5,199, Nelion mita 5,188 na Lenana mita 4,985. Majina hayo yametoka kwa malaiboni wa Wamaasai. Batian na Nelion hupandwa kwa kamba na wajuzi. Lenana hufikiwa kwa miguu, na hapo ndipo Kisoi Munyao alipoipandisha bendera ya Kenya wakati wa Uhuru, Desemba 1963.

Sasa, kwa nini hujificha? Usiku hewa hupoa na kutulia, kwa hiyo alfajiri mlima huwa wazi. Jua likishachomoza huipasha joto miteremko. Hewa yenye unyevu kutoka msituni hupanda juu, hupoa huko, na unyevu hugeuka mawingu. Mara nyingi ikifika saa nne asubuhi vilele havionekani tena. Hata miezi ya kiangazi, yaani Januari na Februari, na tena Julai hadi Septemba, mambo huwa hayo hayo. Lakini usikate tamaa upesi, kwani siku nyingine mawingu hufunguka jioni kabla ya machweo.

Agosti iliyopita tulikodi magari mawili ya kwenda Naro Moru na kurudi siku hiyo hiyo. Gari letu liliondoka mapema. La pili lilikaa zaidi ya saa mbili likipanga mabegi. Kuna waliokuja na blanketi, wengine na sufuria, na makanga akaanza kudai pesa za kila begi linalopanda kwenye keria. Sisi tuliuona mlima mweupe kileleni, mweusi ubavuni, mpaka kelele zikatuisha. Wenzetu walipofika ilikuwa saa tano, na mbele yao palikuwa na ukuta wa mawingu. Mmoja wao ni msichana ambaye mamake huuza sukumawiki mtaani kwetu, naye alikuwa amelipa pesa za safari kwa awamu nne. Aliporudi nyumbani mamake alimwuliza, “Haya, mlima ni mkubwa kama nini?” Aliniambia alikosa la kujibu. Mimi naona hilo si jambo dogo.

Basi tufanyeje? La kwanza ni kwenda siku moja mbele na kulala Naro Moru au Nanyuki. Kutoka Nairobi hadi Nanyuki ni karibu kilomita 200, kupitia Thika, Sagana, Karatina na Naro Moru. Ili uyawahi mawingu kwa safari ya siku moja, yafaa uondoke mjini saa kumi na moja alfajiri, na sote tunajua kuvuka mitaa yetu gizani ukiwa na begi mgongoni si mchezo. Ukilala huko, unaamka mlima uko mlangoni.

La pili ni uzito. Chukua begi moja tu la mgongoni, tena lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mwenye kilo 50 abebe kilo 5. Kama huna mizani, nenda kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu hapo mtaani, wana ile ya kuning'iniza. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo ukibeba lita tatu umeshamaliza zaidi ya nusu ya kipimo chako.

Ndani tia hivi: sweta, jaketi, kofia ya sufu, soksi pea mbili, koti jepesi la mvua, tochi, mswaki na kitambulisho cha shule. Jaketi zuri la mtumba linapatikana Gikomba, huna haja ya kununua jipya. Nguo nyepesi mbili tatu zilizovaliwa pamoja hushinda koti moja zito, kwa sababu unaweza kupunguza au kuongeza. Hili lina maana, maana kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Blanketi acha nyumbani, nyumba za wageni zinayo. Chakula cha njiani kiwe kikavu: chapati, mayai ya kuchemsha, njugu. Utakachohitaji mwisho kitangulie chini, na jaketi likae juu kabisa.

Kuna jambo wengi hawalijui. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, kama chupa za maji, vikombe na mirija, haziruhusiwi kabisa katika mbuga na hifadhi za taifa. Beba chupa ya kujazwa tena.

La tatu ni matatu yenyewe. Patana juu ya mzigo kabla haujapanda, kwani ukishafungwa kwenye keria wewe huna sauti tena. Funga kitambaa chenye rangi kali kwenye begi ulitambue hata kukiwa na giza. Pesa na simu zisiingie buti, zikae nawe mwilini. Halafu keti dirishani upande wa kulia, upande wa dereva, kwa sababu ukipita Karatina mlima uko mkono huo. Wakati wa kurudi keti kushoto.

Shida hii si yetu peke yetu. Huko Japani wageni wanaokwenda mara ya kwanza kuuona mlima Fuji, wenye mita 3,776, hulia kilio hicho hicho: mlima hujifunika kwa mawingu, na begi kubwa huwafunga miguu. Wajapani wamepata dawa. Katika stesheni za treni kuna makabati ya kulipia ambamo msafiri hufungia mzigo wake. Pia kuna kampuni zinazobeba mabegi: unaliacha hotelini leo, unalikuta kesho katika mji mwingine, nawe unasafiri na kibegi kidogo. Tena kwenye treni za kasi za Shinkansen kati ya Tokyo na Osaka, tangu Mei 2020, begi ambalo urefu, upana na kimo chake kwa jumla vinazidi sentimita 160 sharti liwekewe nafasi mapema.

Ukifikiri vizuri, hata sisi tunayo hayo. Matatu za mbali zina ofisi za vifurushi pale mjini. Kama chama kina sufuria na unga wa kupeleka, vitumwe siku moja kabla, na mwalimu avichukue huko akiwa na kitambulisho chake. Na mkishafika, mabegi yabaki nyumba ya wageni chini ya mtu mmoja mnayemwamini. Asubuhi kila mtu atoke na maji, jaketi na chakula kidogo tu. Mwenye kuingia mbugani aende na mtu mzima anayepajua, apande pole pole, na kichwa kikianza kuuma sana ateremke. Malipo ya langoni hufanywa kwa simu, si kwa pesa taslimu, kwa hivyo yashughulikiwe mapema.

Kabla sijamaliza, tuwakumbuke wapagazi. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alitoka Nairobi kwenda kuupanda mlima huu. Tarehe 13 Septemba alifika kilele cha Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Lakini msafara wake ulikuwa na Waswahili 66 na Wakikuyu 96, na ndio waliobeba vyakula, mahema na kamba. Vitabu vyetu vya shule hutaja jina la Mackinder, lakini majina yao hatuyasomi. Leo hii vijana wa vijiji vya chini ya mlima bado hula kwa jasho hilo. Huko Kilimanjaro sheria ya mbuga inasema mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani uzito huujua aliyeubeba. Kila kitu usichokihitaji unachotia begini, kuna mgongo wa mtu utakaokilipia.

Mwisho, twende mapema kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu ya Mlima Kenya huenda ikaisha katika miaka ya 2030. Sisi tulio Kidato cha Tatu leo tutakuwa hatujafika hata umri wa wazazi wetu. Huenda tukawa wa mwisho kuuona ukiwa mweupe hivyo.

Basi mwanachama mwenzangu, pima begi lako mapema, na safari hii yule mama wa sukumawiki apate jibu lake. Kwaheri ya kuonana stejini!