Kazi ya eksirei ya wanyama: Jiandae kwa swali la nani atamshika mbwa

MTU anayepigwa picha ya eksirei huambiwa avute pumzi, atulie, na kazi huisha mara moja. Mbwa aliyevunjika mguu haambiliki. Atajipindua, atabweka, na mwenyewe atataka kumshika. Hapo ndipo penye swali ambalo anayetafuta kazi ya kupiga picha hizi katika kliniki ya wanyama anafaa kulitarajia siku ya mahojiano: Ni nani atakayemshika mnyama?

Si ajabu mwombaji kujibu upesi kwamba atamshika yeye, akidhani anaonyesha ujasiri. Jibu hilo laweza kumnyima kazi. Picha moja hutoa mionzi kidogo, lakini mhudumu hupiga picha nyingi, mwaka nenda mwaka rudi, na hatari huongezeka kadiri mionzi inavyojumlika mwilini.

Jibu bora huanza na dawa ya kutuliza, kwa uamuzi wa daktari wa mifugo, kisha vifuko vya mchanga na kamba za kumweka mnyama sawa ili watu watoke chumbani. Kushika kwa mikono ni hatua ya mwisho. Anayeshika huvaa aproni na glavu zenye madini ya risasi. Asiwe mjamzito wala mtu wa chini ya miaka 18, na mikono yake isiingie katika njia ya miale.

Mwombaji aeleze pia kanuni tatu za usalama: kupunguza muda, kuongeza umbali na kuweka kinga. Umbali ukiongezwa maradufu, nguvu za mionzi hushuka hadi robo. Aidha, ajue kwamba nchini Kenya matumizi ya mionzi husimamiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019.

Kuhusu picha yenyewe, kiungo hupigwa angalau mara mbili, kwa mbele na kwa ubavu, pamoja na alama ya kulia au kushoto. Kifua hupigwa mnyama akiwa amevuta pumzi. Tumbo akiwa ameitoa.

Mwishowe, akipewa nafasi ya kuuliza, mwombaji asiulize mshahara pekee. Aulize iwapo wafanyakazi hupewa kifaa cha kuvaa cha kupima mionzi, na aproni hukaguliwa nyufa mara ngapi. Majibu yatamwonyesha ikiwa kazi hiyo yafaa kukubaliwa.