Kabla ya Kununua Mashine ya Kusafishia Matenki na Mabomba ya Maji

Kila baada ya masika ofisi yetu hupokea maombi yanayofanana kutoka sharikani: maji yanatoka na rangi ya udongo, koki zinaziba, na kamati inaomba fedha za kununua mashine ya kuvuta tope. Shida hiyo ni ya kweli. Zahanati inayowahudumia akina mama wanaojifungua haiwezi kufanya kazi kwa maji yenye mchanga. Hata hivyo, mashine inayoombwa mara nyingi siyo inayotakiwa, na katika toleo hili tunapenda kueleza sababu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliidhinisha ununuzi wa mashine ya umeme ya kufyonza maji na tope, yenye pipa la lita 30, kwa fedha za marafiki wa usharika mmoja. Tenki lilikuwa la duara, upana wa mita 6, na tope sakafuni lilifika sentimita 10. Hesabu hatukuipiga: tope hilo ni karibu lita 2,800, yaani kujaza na kumwaga pipa zaidi ya mara 90. Kilimani hakukuwa na umeme, hivyo vijana walibeba jenereta mabegani. Hadi jioni hawakufika hata robo, na kesho yake walimalizia kwa beleshi na ndoo. Mashine yenyewe si mbaya. Sasa iko hosteli, ambako fundi huitumia kukausha maji anapofungua hita ya maji ya jua, na kuzibua mabomba mafupi ya bafuni.

Kwa tenki, swali la kwanza ni kama lina tundu la kutolea tope chini kabisa, ambalo mafundi wetu huliita woshauti. Likiwepo, fagio ngumu, gambuti na maji yaliyobaki sakafuni vinatosha. Lisipokuwepo, au tenki likiwa limechimbiwa ardhini, ndipo inapofaa pampu ya petroli ya maji machafu, ya inchi 2 au 3, inayoweza kupitisha mchanga na vijiwe. Pampu ya kawaida ya umwagiliaji itasagwa na mchanga huo. Pampu ikae karibu na usawa wa maji, kina cha kunyonya kisizidi mita 6, na milimani kipungue zaidi kwa kuwa hewa ni nyepesi. Injini isiingizwe ndani ya tenki kamwe, wala isiwekwe mdomoni mwake. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua, na anayeshuka kumwokoa mwenzake naye huanguka.

Mabomba yana hesabu nyingine. Mchanga hauondoki kwa kufungua koki moja ya kuchotea maji, kwa sababu maji yanapita polepole mno. Yanatakiwa yakimbie walau mita 1 kwa sekunde. Kwa bomba lenye uwazi wa milimita 50 hiyo ni karibu lita 2 kwa sekunde, yaani ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 10. Kwa bomba la milimita 100 ni karibu lita 8, mara nne zaidi. Chanzo kikiwa kidogo, acheni tenki lijae usiku kucha, kisha asubuhi fungeni matawi yote na kusafisha kipande kimoja kimoja kutoka juu kwenda chini. Lakini tope hilo litatokea wapi? Kila bonde linalovukwa na bomba linahitaji woshauti yake: kiungo cha njia tatu, valvu, mita chache za bomba na mawe ya kuzuia mmomonyoko. Elekezeni maji mtoni, si shambani kwa jirani. Sisi tumewahi kulipa maharage ya mtu.

Wengine wanauliza kuhusu kompresa ya upepo. Bomba la plastiki lililoandikwa PN 6 limetengenezwa kuhimili baa 6, na kompresa nyingi za gereji hufika baa 8. Bomba likipasuka kwa upepo halivuji tu, hurusha vipande. Maombi hayo tumekuwa tukiyakataa.

Baada ya tope kutoka, tenki na bomba vitiwe dawa: gramu 75 za unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 kwa kila lita 1,000, vikae saa 24, kisha vimwagwe na kusuuzwa. Maji hayo yasinywewe, na kijiji kitangaziwe siku moja kabla.

Miradi mingi ya vijijini sasa iko chini ya vyombo vya watumia maji vinavyosimamiwa na RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Ongeeni nao kabla ya kugusa valvu yoyote.

Ombi litakaloletwa kwetu lionyeshe vipimo vya tenki, kina cha tope, sekunde za kujaza ndoo kwenye bomba kuu, na mchoro wa mabonde yasiyo na woshauti. Kwa marafiki wetu wanaochangia: fedha za valvu sita na saruji hazipigwi picha nzuri kama mashine mpya, lakini kwa sharika tatu zilizo kwenye orodha yetu ndizo tunazoomba, pamoja na posho ya fundi kwa siku mbili za kusafisha kila baada ya masika.