Luciana Aymar na ukuta wa Waholanzi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi kanuni za mpira wa magongo zinavyombana mchezaji. Gongo lina upande mmoja tu ulio bapa, wa kushoto. Mpira ukichezwa kwa mgongo wa gongo, ni kosa. Anayetaka kuuyumbisha kulia na kushoto hana budi aligeuzegeuze gongo kwa mkono wa kushoto, tena akiwa mbioni, macho yakiwa kwa mabeki. Leo tumtazame mwanamke aliyeifanya kazi hiyo ngumu ionekane mchezo wa watoto.

Luciana Aymar alizaliwa tarehe 10 Agosti 1977 mjini Rosario, Argentina, mji uliompata Lionel Messi miaka kumi baadaye. Aliingia timu ya taifa mwaka 1998 akicheza kiungo, na mashabiki wakampa jina la La Maga, mwanamazingaombwe. Sifa yake ilikuwa kuchukua mpira katikati ya uwanja na kuondoka nao, akipangua beki mmoja baada ya mwingine mpaka ndani ya nusu duara ya kufungia.

Kipaji alikuwa nacho, lakini wakati nao ulimpendelea. Sheria ya kuotea ilifutwa katika mchezo huu mwishoni mwa miaka ya 1990. Washambuliaji wakaanza kusimama jirani na kipa, mabeki wakalazimika kubaki nyuma kuwachunga, na katikati pakawa peupe. Kisha mwaka 2009 mpigaji wa mpira wa adhabu akaruhusiwa kujianzishia na kukimbia nao bila kumpasia mwenzake. Ni kama kwamba waliotunga kanuni walikuwa wakimfikiria yeye! Shirikisho la kimataifa, FIH, lilimchagua mchezaji bora wa mwaka mara nane kati ya 2001 na 2013.

Hata hivyo, dhahabu ya Olimpiki hakuigusa. Sydney, mwaka 2000, Argentina iliingia hatua ya pili bila pointi hata moja. Siku ya kukutana na Uholanzi wachezaji walivaa jezi yenye picha ya simba jike kwa mara ya kwanza, wakashinda 3-1, na tangu hapo wanaitwa Las Leonas. Walifika fainali, Australia ikawazima. Kuanzia hapo Waholanzi hawakukubali tena kupitwa kwenye Olimpiki: Athens 2004 walishinda nusu fainali kwa mikwaju ya penalti, Beijing 2008 wakaichapa Argentina 5-2 katika hatua hiyohiyo, na London 2012 wakachukua fainali 2-0, siku Aymar aliyotimiza miaka 35. Kwa jumla alivuna fedha mbili na shaba mbili.

Dawa ya mchezaji wa aina yake inajulikana: wawili wamwandame, wa tatu azibe njia ya pasi. Wengi waliijaribu wakachoka kabla ya filimbi ya mwisho. Naamini Uholanzi iliimudu kwa sababu benchi lake halikuwa dhaifu kuliko kikosi kilichoanza.

Kombe la Dunia, lakini, lilimkubali. Perth 2002 Argentina iliifunga Uholanzi kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Mwaka 2010 fainali ilichezwa Rosario, nyumbani kwake, nayo Argentina ikashinda 3-1 dhidi ya Waholanzi haohao. Uwanja uliojengwa kwa mashindano hayo una jina lake.

Alistaafu Desemba 2014 mjini Mendoza akiwa na miaka 37, baada ya kutwaa Kombe la Mabingwa kwa penalti mbele ya Australia. Juma lijalo tutavuka kwenda Uholanzi, tuone jinsi klabu zao zinavyowalea mabinti hao waliomnyima dhahabu.