Kuhe akilimwa kadi nyekundu, nani anabaki kulinda lango?

KIGOMA. Mashabiki wa Simba na Yanga hawajaisahau Julai 25, 2021. Siku hiyo fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilipigwa Uwanja wa Lake Tanganyika mjini hapa. Yanga ikabaki pungufu baada ya Mukoko Tonombe kulimwa kadi nyekundu, na dakika ya 80 Taddeo Lwanga akaifungia Simba bao pekee la mchezo.

Ukitoa mtu mmoja kwenye timu, pengo litaonekana tu. Na si mbali na uwanja huo, ndani ya ziwa lenyewe, kuna timu nyingine inayopewa kadi nyekundu bila hata kucheza faulo. Ni familia ya kuhe.

Mkazi wa Gungu hahitaji kuelezwa kuhe ni nani. Akishuka mwaloni Kibirizi anakutana naye, pembeni ya dagaa na migebuka. Ni samaki wa Ziwa Tanganyika peke yake, hakuna ziwa lingine duniani lenye kuhe wake wa asili. Anaweza kuvuka sentimita 60, na katika jamii nzima ya samaki walio ndugu wa perege na sato, yeye ni miongoni mwa majitu yao.

Mabeki wawili wa kati

Kuhe hatagi mayai akaondoka zake. Dume na jike hubaki wote wawili, wanalinda mayai na baadaye watoto, kama mabeki wawili wa kati wanaoelewana. Samaki yeyote anayesogea anatimuliwa.

Sasa mtu ananasa mmoja kwa ndoano. Anayebaki hawezi kuziba kulia na kushoto kwa wakati mmoja, na wenye njaa wanaliona pengo hilo haraka.

Huko Marekani Kaskazini watafiti wamelichunguza jambo hili kwa samaki aitwaye besi, ambaye dume ndiye mlinzi wa kiota. Dume akiondolewa hata kwa dakika chache, samaki wengine huvamia na kuanza kula watoto. Akirudishwa akiwa hoi, ulinzi wake unakuwa legelege, na wengine hukitelekeza kiota kabisa.

Ndiyo maana kumrudisha samaki majini ni kazi yenye namna yake. Tena ina saa yake.

Dakika moja tu

Tuelewane kwanza. Kigoma, mshipi ni mboga. Hakuna wa kumwambia baba mwenye watoto nyumbani kwamba samaki halali aliyempata amwachie aende. Lakini wapo wanaovua kwa burudani, na hata anayetafuta kitoweo hunasa asiyemhitaji, mara kichanga cha kiganja kimoja, mara mzazi aliyekuwa na watoto wake karibu na mawe. Hao ndio wa kurudishwa.

Tatizo ni jinsi wanavyorudishwa. Samaki anaburutwa juu ya kokoto, anabanwa kwa kitambaa kikavu, ndoano inang'olewa kwa nguvu, zinapigwa picha tatu za simu, kisha anarushwa kama mpira wa kona. Anapiga mkia, anazama. Watu wanashangilia, "Huyo kapona!"

Huenda hajapona. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Canada, Ferguson na Tufts, waliwachosha samaki aina ya trauti kwa kuwakimbiza majini, kama wanavyochoka kwenye mshipi, kisha wakawafuatilia kwa saa 12. Waliochoshwa bila kutolewa majini, 88 kati ya kila 100 walipona. Waliokaa hewani sekunde 30, walipona 62. Waliokaa hewani sekunde 60, walipona 28 tu.

Trauti si kuhe, na maji ya baridi ya Canada si Tanganyika. Lakini somo ni lile lile. Samaki aliyepigana na mshipi ni kama mchezaji aliyemaliza dakika 120. Anahitaji pumzi, na wewe ndiyo kwanza unamziba pua. Wataalamu sasa wanashauri asikae hewani zaidi ya sekunde 10.

Mkono uwe na maji

Kazi inaanza kabla ya kutupa chambo. Tumia ndoano moja badala ya ile ya matawi matatu, na kile kijino chake kinachozuia isichomoke kibane kwa plaizi kilale. Tumia mshipi imara ili pambano lisiwe refu.

Akifika karibu, mwache ndani ya maji. Lowanisha mikono kwanza. Ule utelezi wa mwilini mwake ndio jezi yake ya kinga, na mkono mkavu au kitambaa humvua jezi hiyo, magonjwa yakapata njia.

Ukilazimika kumwinua, mkono mmoja uwe chini ya tumbo, mwingine kwenye shina la mkia. Usimning'inize kwa taya, na vidole visiingie kwenye mashavu anakopumulia.

Ndoano ikionekana, ichomoe kwa plaizi. Akiwa ameimeza, usichimbe tumboni. Kata mshipi karibu na mdomo umwache nayo, ana nafasi nzuri zaidi kuliko akichanwa ndani.

Mwisho, mshikilie wima, kichwa kikielekea mbele, mpaka mkia upate nguvu. Ataondoka mwenyewe. Usimrushe.

Wa kina kirefu ni habari nyingine. Akivutwa haraka kutoka chini sana, hewa iliyo kwenye kibofu chake hutanuka, tumbo linavimba na macho yanatoka. Huyo ukimwachia ataelea tumbo juu. Anayevua kwa burudani tu, basi asivue huko.

Ziwa lilishapumzishwa

Kigoma inajua maana ya kusubiri. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Congo, Burundi na Zambia. Miezi hiyo mitatu familia nyingi zilifunga mkanda.

Ziwa likifungwa, hata mshipi wa burudani unapaswa kukaa nyumbani. Likifunguliwa, kijana wa Gungu akimnasa kuhe karibu na mawe na kuona kundi la vitoto likitawanyika chini yake, asitafute simu. Alowanishe mikono, achomoe ndoano, amrudishe beki uwanjani kabla mpinzani hajaliona goli.