Kimo cha Mtu na Mteremko wa Paa: Kupanga Bafu katika Nyumba za Kimulot

Kila mwaka, malipo ya pili ya majani ya chai, ambayo wakulima huyaita bonasi, yakishafika mikononi mwa wenyewe karibu na mwezi wa Oktoba, kaya nyingi za Kimulot, huko Bomet, ambazo kwa miaka mingi zimetosheka na choo cha shimo kilichojitenga uani, huazimia kuingiza choo na bafu ndani ya nyumba. Azma hiyo ni ya heri, kwani katika nchi hii iliyoinuka takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya usiku ni kali na mvua hunyesha karibu miezi yote, hapana taadhima yoyote katika kumwacha bibi wa miaka 80 avuke ua wenye utelezi usiku wa manane, tochi mkono huu na mkongojo mkono wa pili, kwa ajili ya haja ambayo hakuna kiumbe awezaye kuiahirisha.

Aghalabu chumba hicho hupatikana kwa kurefusha paa la nyuma, mabati yakateremka hadi juu ya ukuta mpya, na hapo ndipo mashaka huanza. Sakafu hupimwa kwa uangalifu, mita 3 kwa mita 2.4, watu wakaridhika kwamba nafasi inatosha, na kimo, ambacho hupungua kwa kila hatua uendayo nje, kikasahauliwa mpaka siku mabomba yamekwisha kufukiwa. Basi shawa ikawa imefungwa kwenye ukuta mfupi, na baba wa nyumba akawa hana budi kuoga ameinamisha shingo mpaka mwisho wa umri wake.

Natufanye hesabu kabla ya kununua tofali. Ikiwa siling inaanzia mita 2.7 kwenye ukuta wa nyumba, na mteremko wake ni nyuzi 25, basi kila mita moja ya kwenda nje hupunguza kimo kwa sentimita 47 hivi, na mwisho wa mita zile 2.4 ukuta wa nje utabaki na mita 1.58 tu. Kimo cha mita 2, ambacho mtu mrefu husimama chini yake bila hofu, kitapatikana katika mita 1 na nusu za mwanzo, na sentimita 90 zinazosalia ni milki ya mambo yafanywayo kwa kukaa ama kuchuchumaa. Rai yangu, ambayo naishikilia kwa yakini, ni kwamba bafu la namna hii lianze kupangwa kwa mwili wa mwanadamu, palipo pa kusimama, pa kukaa na pa kuinama, ndipo kuta na mabomba yafuate.

Upande mrefu, basi, wapewe mlango, shawa na sinki, kwa kuwa huko ndiko mtu aingiako, aogeako na ajitazamako kiooni, na huko pia ndiko mzee azungukako na mkongojo wake. Choo cha kukalia kiupe mgongo ukuta mfupi, maana akikaliaye hahitaji kimo kikubwa, na anyanyukapo, kichwa chake huelekea mbele, kule ambako siling imekwisha kupanda. Fauka ya hayo, bomba la inchi 4 litatoka nje moja kwa moja bila kona, likishuka sentimita 2 na nusu kwa kila mita hadi kwenye shimo, ambalo lichimbwe mbali na kisima au chemchemi kwa mita 30 angalau. Pembe ya chini inayobaki haikosi kazi: hapo hukaa ndoo, kabati la sabuni na taulo, na beseni la kumwogeshea mtoto, ambaye mama yake humwogesha ameketi kigodani.

Wako watakaoshauri kwamba paa lilazwe ili ukuta wa nje upate kimo. Mababu wa Lamu walijenga nyumba za mawe zenye paa bapa la chokaa juu ya boriti za mikoko, wakaweka choo na birika ndani, na katika maji ya birika wakafuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Hikima yao inatuonyesha kwamba choo cha ndani ni jambo la kale katika ustaarabu wetu, lakini paa lao halitufai, kwa maana nchi ya chai ya Kericho na Bomet hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, pamoja na mvua ya mawe, na bati lililolala hupitisha maji kwenye maungio yake. Wala sakafu isichimbwe chini kwa kutafuta kimo, maana kidato kimoja kizani chatosha kumvunja mzee nyonga. Mwenye uwezo na aanzishe paa jipya juu zaidi ukutani. Asiye nao na afuate mpango niliokwisha kuueleza, utamtosha.

Adui wa siri katika baridi hii ni mvuke. Maji ya moto hutoa mvuke, mvuke hupanda, ukikuta bati baridi hugeuka matone, na matone huozesha mbao na kumdondokea aogaye. Kwa hiyo siling haiepukiki, na dirisha dogo liwekwe juu katika ukuta wa ubavuni, karibu na upande mrefu, ambako mvuke hukusanyika. Bomba la hewa chafu lipandishwe nje ya ukuta hadi kupita paa, kuliko kutoboa bati na kukaribisha uvujaji. Na paa hilo lisilaumiwe kwa mteremko wake, maana eneo lake dogo la mita 3 kwa 2.4 pekee hupokea lita zaidi ya 10,000 kwa mwaka, ambazo gata na tangi vyaweza kuzihifadhi kwa kuogea.

Limebaki suala la sitara. Mlango usielekee sebuleni, kwa kuwa mkwe na wageni wana haya zao zinazostahili heshima. Uwe na upana wa sentimita 90, ufunguke kwa nje, ili mgonjwa akianguka ndani apate kufikiwa, na chuma cha kushikilia kifungwe imara kando ya choo na shawa. Kwa hiyo, kabla ya saruji kukorogwa, ukuta wa nje ungali haujainuliwa, mwenye nyumba na achore chumba chote kwa chaki chini, afunge kamba mahali siling itakapopita, kisha amwite aliye mrefu kuliko wote katika aila asimame chini yake, na aliye mzee kuliko wote akae kwenye kiti na kunyanyuka; wakiridhika wote wawili, hapo fundi apewe idhini ya kuanza.